Hadithi ya Jogoo na Fahali Haikuzaliwa Stony Stratford

Nimeulizwa tena kama ni kweli kwamba Waingereza huiita porojo "hadithi ya jogoo na fahali" kwa sababu ya nyumba mbili za wageni za mji wa Stony Stratford, na maadamu swali hili halikomi, imenilazimu kulijibu kwa ukamilifu.

Madai yenyewe ni haya: kando ya njia kuu itokayo London kwenda kaskazini-magharibi, nyumba mbili zilizo karibu, Cock na Bull, yaani Jogoo na Fahali, zilipokea abiria wa magari ya farasi, nao, wakingoja farasi wabadilishwe, wakawa wakitoka hii kuingia ile na habari zilizozidi kutiwa chumvi kila zilipovuka kizingiti. Nyumba zipo kweli, na abiria walikuwapo kweli. Walakini hayo hayathibitishi lolote, kwani vibao vya jogoo na vya fahali vilitundikwa milangoni mwa vilabu katika miji mingi ya Uingereza. Fauka ya hayo, taarikhi inakataa katakata: Robert Burton, katika kitabu chake kikubwa juu ya huzuni kilichochapwa mwaka 1621, aliwataja watu washindao kilabuni kwa tumbaku na kileo wakizungumza ya jogoo na fahali, wala hakuona haja ya kuufafanua msemo huo, ilhali safari za magari ya farasi zilizoupa mji ule umaarufu zilistawi karne ya 18. Mtoto atamzaaje babu yake?

Atafutaye asili na atazame Ufaransa, ambako, kabla Burton hajazaliwa, mtu asiyeshika mada alisemwa kwamba ameruka kutoka kwa jogoo hadi kwa punda, na mshairi Clément Marot, katika karne ya 16, akatunga nyaraka za kejeli kwa mtindo huo. Kisha Waskoti wakaitwaa kauli hiyo ya Kifaransa ikawa neno lao. Hapo pana ujirani wa maana na wa wakati pia, ambao vilabu viwili haviwezi kuutoa.

Basi, ewe mfasiri ukutanaye na msemo huo: msemaji akikanushwa, andika porojo; ukiwa ni udhuru wa mchelewaji, andika kisingizio; kikiwa kisa kirefu kisichoshikika, andika hekaya isiyo kichwa wala miguu; jogoo na fahali waachie Waingereza. Na atakayekuletea asili ya msemo wowote, mdai kwanza mwaka wa andiko lake la kale kabisa. Akishindwa kuutaja, usimsadiki.