Kito cha Waridi na Maradhi ya Moyo

Wapo wazazi wanaotuuliza iwapo pete ya kito cha waridi humponya mtoto mwenye maradhi ya moyo. Kito chenyewe ni lali, au spineli, kilichochimbwa karne nyingi huko Badakhshan. Nasi tunacho Mahenge, mkoani Morogoro. Uwaridi wake hutokana na chembe za kromi.

Watabibu wa kale, Ibn Sina akiwamo, waliihesabu yakuti miongoni mwa dawa za kuufurahisha moyo, na wauzaji wa leo huipa lali sifa ileile. Al-Biruni, aliyeandika habari za lali katika karne ya 11, hakuridhika na masimulizi. Ilidaiwa kuwa nyoka akitazama zumaridi hupofuka. Basi alimvisha nyoka mkufu wa zumaridi, akamjaribu kwa miezi 9, joto na baridi. Nyoka hakupofuka!

Na Sayyidna Umar (r.a.) alipolibusu Jiwe Jeusi alitamka kuwa ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi.

Pete ya pambo hatuikatazi. Lakini mtoto anayehema, midomo ikageuka rangi, apelekwe hospitali usiku huohuo.