Ukipewa Notisi kwa Ajili ya Kuku

Mwaka uliopita mama mmoja wa skimu alikuja ofisini kwetu na kikapu cha mayai. Chini ya mayai alikuwa ameficha karatasi. "Mwalimu," aliniambia, kwa maana nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani na wengi hapa bado huniita hivyo, "nisomee hii, lakini usisome kwa sauti." Ilikuwa notisi ya kumtaka aondoe kuku wake 120 na kulivunja banda lao. Alikuwa ameiweka siku 11 nyuma ya picha ya harusi ukutani, kwa sababu aliogopa kumwonyesha hata mumewe. Na kuku wale ndio waliokuwa wakilipa karo ya watoto wawili.

Kwa kuwa notisi za namna hii zinazidi kuletwa ofisini, yafaa wakulima wajue la kufanya.

Wazee wetu walipoanza kupewa mashamba katika mpango wa ekari milioni moja, tangu 1962, mji ulikuwa mbali. Sasa umetujia. Serikali za kaunti zilianza kazi 2013, na chini ya Sheria ya Miji ya 2011 manispaa nyingi zimeundwa, na mipaka yake ikapita juu ya mashamba ya skimu. Mkulima hakuhama, mpaka ndio uliohama. Nyumba za kupangisha zimejengwa upande wa pili wa ua, na mpangaji wa ghorofani akifungua dirisha asubuhi anakutana na harufu ya banda na sauti ya jogoo. Huyo naye ni mtu, na ana haki ya kulalamika. Lakini malalamiko yake siyo hukumu.

Basi ukipewa notisi, isome siku hiyo hiyo. Kama husomi vizuri, mpe mtu akusomee. Tazama mambo matatu: imetoka ofisi gani, inataja sheria gani, na umeipokea tarehe gani. Andika tarehe hiyo nyuma ya karatasi kwa kalamu, pamoja na jina la aliyeileta. Notisi za kuku hazifanani, na kila moja ina njia yake ya kujibiwa.

Iliyo ya kawaida ni ile ya Bwana Afya. Hutolewa chini ya Sheria ya Afya ya Umma, sheria ya zamani sana, ya tangu 1921. Wakulima wengi hudhani sheria hii inakataza kuku. Haikatazi. Kifungu cha 118 kinataja kuwa ni kero jengo la kuwekea wanyama au ndege ambalo limejengwa, limewekwa au linatumiwa kwa namna ya kuchukiza watu au kudhuru afya. Yasome maneno hayo mara mbili. Kosa si kuwa na kuku. Kosa ni hali ya banda. Notisi ya namna hii hukuambia uondoe kero katika muda uliotajwa, na usipofanya hivyo unaweza kushtakiwa mbele ya hakimu. Kwa hiyo jibu lake la kwanza ni jembe na ufagio, na barua hufuata baadaye.

Hapa niseme kidogo juu ya banda lenyewe, maana ndipo kesi nyingi hushindwa. Kuku wa mayai hula karibu gramu 120 za chakula kwa siku, na hutoa kinyesi kibichi cha uzito unaokaribia huo. Kuku 120 basi wanaacha kilo 12 au zaidi kila siku, na kwa wiki moja ni karibu gunia zima la mahindi kwa uzito. Kinyesi kikavu hakinuki sana. Kikilowa ndipo kinapotoa ile hewa kali inayochoma macho. Kwa hiyo tafuta kwanza maji yanakotoka: mtungi wa kunywea unaomwagika, bati linalovuja, sakafu iliyo chini kuliko uwanja. Tandaza maranda makavu ya mbao, kina cha kidole kirefu au zaidi, uyageuze mara kwa mara, na uondoe yaliyolowa. Usijaze kuku kupita kiasi. Katika banda la namna hiyo kuku watano au sita kwa kila mita moja ya mraba wanatosha.

Nzi ni jambo jingine. Wakati wa joto, yai la nzi laweza kuwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi. Mkulima anayeondoa mbolea mara moja kwa mwezi anafuga nzi pamoja na kuku. Anayeiondoa kila wiki, akaifukia katika shimo la mboji na kuifunika, huvunja uzazi wao kabla hawajaruka kwenda jikoni kwa jirani.

Na jogoo? Nimeona watu wakibishana ofisini juu ya jogoo kana kwamba ni mzee wa ukoo. Kuku hutaga mayai bila jogoo. Jogoo anahitajika tu kama unataka vifaranga. Ukiwa unauza mayai ya kula, muuze jogoo, na nusu ya malalamiko ya alfajiri itakwisha.

Ukimaliza kazi hiyo, mwandikie Bwana Afya barua kwamba umefanya hivi na hivi, na umwombe aje kukagua tena. Piga picha kwa simu. Kama umeshtakiwa hata hivyo, picha hizo na barua hiyo ndizo utakazompa hakimu. Mkulima aliyesimama mbele ya hakimu mikono mitupu akisema "banda langu ni safi" hana tofauti na yule ambaye banda lake ni chafu.

Notisi ya pili hutoka kwa idara ya mipango ya ardhi. Hii ndiyo aliyopewa yule mama. Inatokana na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, na inahusu mtu aliyejenga au aliyebadilisha matumizi ya ardhi bila kibali, au aliyevunja masharti ya kibali chake. Kusafisha banda peke yake hakuijibu. Hapa kuna rufani, na rufani ina siku zake: siku 14 tangu ulipopewa notisi. Inapelekwa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango, ambayo kwa kawaida huitwa Kamati ya Liaison, nayo yapasa kuamua katika siku 30 tangu rufani ilipopelekwa. Asiyeridhika na uamuzi huo anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Sasa mnaona hasara ya picha ya harusi. Mama yule alikuwa amebakiwa na siku tatu.

Katika rufani ya namna hii hoja yenye nguvu ni historia ya shamba. Ulipewa ardhi kwa ajili ya kilimo, na hati zinaonyesha hivyo. Kama kuku walikuwako kabla ya mpaka wa manispaa kufika, basi matumizi ya ardhi hayakubadilika. Majirani ndio waliobadilika. Tafuta barua ya kugawiwa shamba, hati ya kumiliki, risiti za zamani za chakula cha kuku na dawa za chanjo ya kideri, na jirani wa siku nyingi atakayeandika kwamba anakumbuka banda lako. Mama yule alikuwa na risiti za miaka sita ndani ya kopo la chai. Zilimsaidia kuliko maneno yangu yote. Lakini kama ulijenga banda jipya la matofali mwaka jana bila kibali, usiseme uongo kwamba ni la babu yako. Omba kibali, na uieleze kamati kwamba umekwisha kuomba.

Ya tatu ni karatasi ya askari wa kaunti, ya sheria ndogo ndogo. Kila kaunti ina zake, na ya jirani si lazima iwe sawa na yako. Nairobi, kwa mfano, ilipitisha 2015 sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Usitegemee uvumi wa sokoni. Nenda ofisi ya karani wa Bunge la Kaunti uombe kuiona sheria iliyotajwa katika karatasi yako, kifungu kwa kifungu. Kama karatasi haitaji sheria yo yote, uliza kwa maandishi ni ipi. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi ikiwa uamuzi wa ofisi umegusa au waweza kugusa haki zake. Na usimpe askari pesa mkononi ili akuache. Hakuna risiti ya pesa hiyo, na mwezi ujao atarudi.

Wengine huogopa kwamba barua lazima iwe ya Kiingereza. Sivyo. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi kwa Katiba hiyo hiyo. Barua ya rufani yaweza kuwa fupi kama hii:

"Kwa Katibu wa Kamati. Mimi ni mwenye shamba namba fulani, skimu fulani. Tarehe fulani nilipewa notisi, nakala yake imo humu. Siikubali kwa sababu zifuatazo: ardhi hii ni ya kilimo tangu mwaka fulani, kuku wamekuwako tangu mwaka fulani, risiti zimo humu, banda limetengenezwa, picha zimo humu. Naomba notisi ifutwe, au nipewe masharti ninayoweza kuyatimiza. Naomba pia notisi isitekelezwe mpaka nisikilizwe."

Andika mbili. Moja unaiacha ofisini, ya pili inapigwa mhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, unarudi nayo nyumbani. Mimi ni karani na nawaambia ukweli: barua hupotea. Nakala yenye mhuri haipotei kama umeiweka vizuri.

Ukiitwa kortini, hudhuria, hata kama mvua inanyesha na ni siku ya soko. Ukisomewa shtaka, usiseme "ni kweli" kwa adabu tu. Watu wengi wa kwetu hukubali ili wasionekane wabishi, kisha hushangaa kutozwa faini. Kama hukubali, sema hukubali, na uombe siku ya kuleta mashahidi wako.

Yule mama alipeleka rufani siku ya 13. Kamati ilimwita, ikatazama risiti, ikaenda kuliona banda. Iliamua banda libaki, lakini lihamishwe kutoka uani mpaka upande wa migomba, kuku wasizidi 80, na jogoo asiwepo. Hakushinda yote. Aliuza kuku 40 kwa bei ya haraka, na kuhamisha banda kulimgharimu mabati mapya na kazi ya mafundi siku mbili. Muhula uliofuata karo ya mtoto mmoja ilichelewa. Wa pili alilipiwa kwa wakati.

Mwenye notisi aje nayo ofisi ya kilimo iliyo karibu naye, pamoja na bahasha yake kama ipo na barua ya kugawiwa shamba. Asingoje siku ya 11.