Betri Iliyo Salama kwa Taa za Baiskeli

Kabla ya kupambazuka, mtu akisimama kando ya njia itokayo Obunga kwenda katikati ya mji wa Kisumu ataona baiskeli nyingi zikipita. Nyingine zachukua abiria, nyingine mizigo ya mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki viwandani, ambayo akina mama wa Obunga hukaanga na kuuza. Kwamba baiskeli isiyo na taa ni hatari, kila mtu ajua. Lakini siku hizi iko hatari nyingine, nayo imo katika betri yenyewe.

Mwenye baiskeli sasa hataki taa tu. Ataka pia kuchaji simu na kusikiliza redio njiani. Basi huenda kwa fundi akanunua betri za lithiamu zilizotolewa katika kompyuta mbovu. Ni za mviringo, unene milimita 18 na urefu milimita 65, na bei yake ni nafuu. Ndani yake mna maji-maji yawakayo upesi. Ikijazwa umeme kupita volti 4.2, au ikibonyea, au ncha zake mbili zikiunganishwa na kipande cha chuma, hushika joto. Na joto hilo huzaa joto zaidi, hata betri ikapasuka na kutoa moto. Hapana awezaye kujua kwa macho ni mara ngapi imekwisha kutumika. Tena msidanganywe na tarakimu: ikiandikwa 9900 mAh, huo ni uongo mtupu, kwa maana hata zilizo bora za ukubwa huo hazifiki nusu yake.

Je, achague ipi? Atakaye taa peke yake, zamtosha betri 4 za nikeli za kuchajiwa, zilizo kama za tochi. Kila moja ina volti 1.2, jumla 4.8, zikiwa za 2000 mAh, taa ya wati 1 itawaka karibu saa 9. Atakaye kuchaji simu pia, na anunue pawabenki ya mtengenezaji ajulikanaye, yenye kinga ndani ya kukata umeme ikijaa. Kwa kazi kubwa zaidi iko lithiamu ya fosfeti ya chuma, ya volti 3.2, ambayo haiwaki upesi kama ile nyingine. Lakini yataka chaja yake yenyewe. Betri ya asidi ya pikipiki ni nzito, na nyaya zake zikigusana huwa nyekundu kwa moto. Anayeitumia hana budi kutia fyuzi karibu na ncha ya chanya.

Betri ifungwe imara kwa mpira, isigongwe na mashimo ya njia, wala isilowe mvua.

Jambo kubwa ni mahali pa kuchajia. Nyumba za Obunga zimesongamana, na chumba kimoja mara nyingi ndicho cha kulala na kupikia. Betri ichajiwe watu wakiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au udongo, mbali na godoro na mafuta ya taa, wala isiwekwe mlangoni ikaziba njia ya kutokea. Ikianza kufuka moshi, watoto watolewe nje kwanza, kwani moshi wake una sumu. Iliyovimba isichajiwe tena hata mara moja, wala isitupwe jalalani panapochomwa taka.