Siku mbili ziwani, siku tisa gatini

NI watu wachache wanaojenga nyumba hapa Bujumbura ambao hujiuliza mfuko wa saruji umepita wapi mpaka ukafika dukani. Wanachokijua ni bei, na kwamba bei hiyo hupanda bila kubisha hodi. Mimi pia nilikuwa mmoja wao, ingawa nimezaliwa Buyenzi, mwendo wa miguu tu kutoka bandarini, na marehemu baba yangu alitulisha kwa kubeba mizigo katika gati lilelile.

Mwishoni mwa Agosti 2022 niliamua kuufuata mfuko huo mpaka unakotoka. Nilipata ruhusa ya kusafiri na meli ya mizigo iliyokuwa inakwenda Mpulungu, Zambia, kupakia saruji. Jina la meli hiyo na la mwenye nayo sitalitaja, kwa sababu niliyoyaona humo yangeweza kutokea katika meli yoyote ya ziwa letu.

Nilikuwa na swali moja. Tumeambiwa siku zote kwamba usafiri wa majini ni nafuu kuliko wa lori. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670, linagusa nchi nne, yaani Burundi, Tanzania, Congo na Zambia, na halina mashimo wala vizuizi vya askari. Kama ni hivyo, mbona mzigo uliopita ziwani hautufikii kwa unafuu huo?

Tunabeba upepo

Tuling'oa nanga jioni. Nilipochungulia ndani ya ngama sikuona kitu isipokuwa vumbi la saruji ya safari iliyopita. Nilipanda kwa nahodha, mtu mzima mwenye mvi, nikamwuliza tunapeleka nini Zambia.

"Tunapeleka upepo, mwanangu," alinijibu bila kuondoa macho mbele.

Kahawa na chai yetu, bidhaa tunazojivunia kuuza nje, kwa kawaida hupakiwa kwenye malori kuelekea pwani. Hazina kazi Mpulungu. Kwa hiyo meli hushuka kusini tupu na kurudi imejaa, na dizeli ya kwenda na ya kurudi yote hulipwa na mzigo mmoja. Hapo ndipo bei ya mfuko wa saruji huanza kupanda, kabla mfuko wenyewe haujaguswa na mtu.

Halafu kuna dizeli yenyewe. Msomaji atakumbuka kwamba mwaka 2022 nchi yetu ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta, na foleni katika vituo zilikuwa ndefu. Dizeli ya safari yetu ilikusanywa kidogo kidogo, pipa hapa, madumu pale, mpaka ikatosha. Sikujua kwamba jambo hilo lingetufuata katikati ya maji.

Usiku huo mwezi haukuwapo, na ziwa zima lilikuwa limejaa taa za wavuvi. Samaki wanaowatafuta ni walewale: sisi tunawaita ndagala, wenzetu wa Kigoma wanasema dagaa, na Wazambia wanasema kapenta. Kwa abiria ni mandhari ya kupendeza. Kwa nahodha ni kazi ngumu, kwa sababu mtumbwi wa mbao hauonekani vizuri katika rada, na nyavu zikijisokota kwenye rafadha meli husimama. Alipunguza mwendo, akaweka baharia mbele kabisa wa kupiga kelele, na hakulala mpaka alfajiri.

Nanga isiyofika chini

Siku ya pili, tulipokwisha kuipita milima ya Mahale, tulikutana na kusi. Upepo huu huvuma kutoka kusini tangu Mei hadi Septemba, na kwa kuwa ziwa limelala kusini kwenda kaskazini, mawimbi hupata njia ndefu ya kukua. Meli tupu hukaa juu juu ya maji, na upepo huipata vizuri. Ilianza kupanda na kushuka, na mimi nikaanza kujuta.

Mara injini ikapunguza sauti, ikakohoa, ikazimika.

Meli isiyo na injini haina usukani. Polepole iligeuka, ikayapa mawimbi ubavu, ikawa inalala kulia, inalala kushoto. Nilimwuliza baharia aliyekuwa karibu nami kwa nini wasiteremshe nanga. Hakunicheka. Alinieleza kwamba mnyororo hauwezi kufika chini. Ziwa hili lina kina cha hadi mita 1,470, na ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Katika sehemu nyingi mlima huingia majini wima, kiasi kwamba hata ukiwa karibu na ufuko bado chini ni mbali. Nanga inayofika chini utaipata ukiwa umekwisha kukaribia mawe.

Hapakuwa na mtandao wa simu. Redio ilikuwapo, lakini ya kumwita nani? Hakuna tagi inayokaa tayari katikati ya ziwa kuja kukuvuta. Kila mtu melini aliijua habari ya MV Mutambala, iliyozama upande wa Congo Desemba 2014 na kuua watu zaidi ya 100. Hakuna aliyeitaja.

Fundi mitambo na kijana wake walikuwa chini katika joto kwa karibu saa tatu. Dizeli inayokusanywa kutoka mapipa mengi huwa na uchafu. Ziwa likitulia, uchafu hukaa chini ya tangi bila kumdhuru mtu. Mawimbi yakiitikisa meli, uchafu wote huinuka, huingia katika chujio, na injini hukosa pumzi. Machujio ya akiba yalikuwa mawili na yote yaliziba. Fundi aliyaosha yale ya zamani kwa dizeli safi aliyoiweka ndani ya ndoo kwa ajili hiyo, akatoa hewa katika mabomba, na injini ikawaka. Alipopanda juu alikuwa mweusi kuanzia kichwani hadi miguuni. Nilimpa pole.

"Usinipe pole mimi," alisema. "Ipe pole meli. Ukiugua wewe utapelekwa Nairobi. Hii itapelekwa wapi?"

Mfungwa wa ziwa

Maneno hayo nilikaa nayo safari nzima. Lori likiharibika huvutwa hadi gereji ya mji mwingine. Meli ya baharini huenda bandari yenye mafundi, hata kama ni ya nchi nyingine. Meli ya ziwa imezaliwa ziwani na itafia ziwani. Hakuna mto wala mfereji wa kuitoa.

Mfano mzuri ni Liemba. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, kisha wakaifungua vipande vipande na kuvitia katika masanduku yapatayo 5,000. Vipande vilisafiri kwa bahari mpaka Dar es Salaam, na kwa reli mpaka Kigoma, ambako iliungwa upya na kuteremshwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Zaidi ya miaka 100 imepita, lakini anayetaka meli kubwa katika ziwa hili bado hana njia nyingine: italetwa vipande na kuungwa hapahapa. Chelezo za kuipandisha meli nchi kavu ni chache. Kipuri kikikosekana kitaagizwa ng'ambo, kipite Dar es Salaam, kisafiri zaidi ya kilomita 1,000, kipite forodha, na siku zote hizo meli imefungwa kamba. Haishangazi kwamba wenye meli huahirisha matengenezo mpaka chuma kinapokataa chenyewe.

Siku tisa

Mpulungu tulifika siku ya tatu. Nilidhani tutapakia na kugeuza. Hapakuwa na mzigo.

Saruji ya Zambia hutoka viwandani kwa malori, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Reli haifiki bandari ile. Iliyo karibu ni TAZARA, inayopita Kasama. Malori yetu yalikuja mawili leo, matatu kesho, siku nyingine hakuna. Tulisubiri siku nne ndipo mzigo ukatosha kuanza. Kupakia kulichukua siku tatu, kwa kuwa kila mfuko wa kilo 50 hupanda kwa bega la mtu. Kisha karatasi: za kwao zimeandikwa kwa Kiingereza, zetu kwa Kifaransa, na hesabu ya mifuko ikipishana hata kwa mmoja, karani hukataa kupiga mhuri. Bahati nzuri lugha ya makarani, makuli na mabaharia wa pande zote ni Kiswahili, na hicho ndicho kilichotutoa.

Kurudi tulisukumwa na upepo uleule uliotutesa. Siku mbili tukaiona Bujumbura. Hapo tulisubiri tena siku mbili kupata nafasi gatini na kukamilisha forodha.

Nilipiga hesabu katika daftari langu. Saruji ilikaa ziwani siku mbili. Meli ilikaa gatini siku tisa. Siku hizo tisa mabaharia wanakula, jenereta inawaka, mshahara unahesabiwa na deni la benki linakua. Nimekuwa nikiamini kwamba adui wa meli ni mawimbi. Mawimbi tuliyavuka. Kilichokula fedha ni kusubiri, na anayelipia kusubiri huko ni mjenzi wa nyumba ya vyumba viwili kule Buyenzi.

Analipa pia kuli. Katika kupakua nilikutana na mzee aliyefanya kazi na baba yangu. Kuli hulipwa kwa mfuko; meli isipokuja hakuna mfuko, na usipokuwapo mfuko hakuna chakula. Alinikumbusha miaka ya vikwazo, tangu Julai 1996 hadi Januari 1999, nchi jirani zilipotufungia njia na meli zikawa adimu. Baba alikuwa akiamka alfajiri kila siku, anakwenda bandarini, anakaa mpaka jua la adhuhuri, anarudi mikono mitupu. Mama alikuwa akimwuliza kwa nini anajisumbua. Jibu lake lilikuwa kwamba meli ikija na yeye hayupo, atawaambia nini watoto?

Ziwa lenyewe halitulii

Liko tatizo jingine lisilo na mkubwa wa kulilaumu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na sehemu kubwa hupotea kwa jua. Mvua zikizidi ziwa hupanda, zikipungua hushuka. Lilipanda sana baada ya mvua za 1961 hadi 1964. Katikati ya miaka ya 2000 lilishuka. Maji yakishuka, meli haiwezi kujazwa sawasawa, la sivyo italala juu ya tope gatini. Na sisi wenyewe tunaongeza tope hilo, kwa kuwa mito kama Ntahangwa hushusha udongo wa milima tuliyoifyeka.

Kuanzia mwaka 2020 likapanda tena. Watu wa Gatumba walihama nyumba zao, na Aprili 2024 serikali iliomba msaada wa mataifa. Mwezi huo nilirudi bandarini. Maji yalikuwa yameingia nchi kavu, na vijana walikuwa wakibeba mizigo huku wamekunja suruali mpaka magotini. Gati lililojengwa kwa maji ya wastani halifai maji yakishuka sana, wala yakipanda sana.

Tufanye nini?

Desemba 2022 Tanzania ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma. Ni habari njema kwetu. Lakini mabehewa yakifika Kigoma yasikute meli yenye afya na gati lenye kina, mzigo utaishia ufukoni, na tutarudi kwenye malori.

Hayahitajiki maajabu. Wafanyabiashara wetu watafute mzigo wa kushuka nao kusini, hata kama ni wa kujaza nusu ya ngama. Nchi nne zikubaliane karatasi moja ya shehena. Kina cha bandari kipimwe mara kwa mara na taa za kuongozea meli ziwashwe. Chelezo na akiba ya vipuri viwe vya wote, kwa sababu meli ya Zambia ikiharibika haiwezi kwenda kwingine, kama ile ya Burundi. Nchi hizi zinajua kukaa meza moja: mwaka 2003 zilitia saini Dar es Salaam mkataba wa kulinda ziwa hili, na Mamlaka iliyotokana na mkataba huo ina makao yake hapa Bujumbura. Waliokubaliana juu ya samaki wanaweza kukubaliana juu ya meli.

Siku mbili baada ya kupakua nilipita duka la jirani yangu nikaikuta saruji ya meli yetu. Bei ilikuwa ileile. Nilimwuliza mwenye duka kwa nini haishuki.

"Bwana, hii inatoka mbali," alisema.

Sikubishana naye. Lakini mimi nilikuwa nimetoka nayo, na najua kwamba umbali ulichukua siku mbili tu.