Maruweruwe baada ya ganzi: Dalili adimu isiyopaswa kupuuzwa

Mgonjwa anayechomwa sindano ya ganzi ili ang'olewe jino au ashonwe jeraha hubaki macho. Akianza ghafla kuona au kusikia mambo ambayo wengine hawayaoni wala kuyasikia, walio karibu huweza kudhani ni woga au amepandwa na mashetani. Hali hiyo hutokea kwa nadra, lakini yaweza kuwa athari ya dawa yenyewe, nayo huhitaji hatua ya haraka.

Lignokaini, dawa ya ganzi iliyobuniwa nchini Sweden mwaka 1943, huzuia madini ya sodiamu kuingia katika mishipa ya fahamu, hivyo taarifa ya maumivu haifiki kwenye ubongo. Hata hivyo, dozi ikizidi, au dawa ikiingia moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, huufikia ubongo na kuvuruga utendaji wake.

Dalili za awali ni ganzi kuzunguka mdomo hata kama sindano haikuchomwa hapo, ladha ya chuma, mvumo masikioni, kizunguzungu na kuona ukungu. Mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa, kupata maruweruwe na degedege, na hatimaye moyo kushindwa kufanya kazi.

Ili kuzuia madhara hayo, dozi hupangwa kwa uzito. Kwa lignokaini isiyochanganywa na adrenalini, kiwango cha juu kwa mtu mzima ni miligramu 4.5 kwa kila kilo, bila kuzidi miligramu 300. Mwenye kilo 60 hapaswi kuzidi miligramu 270, sawa na mililita 13.5 za dawa ya asilimia 2. Wazee, watoto na wenye maradhi ya ini au moyo huhitaji uangalifu zaidi.

Dalili zikijitokeza, mhudumu husitisha dawa mara moja, humpa mgonjwa oksijeni na kudhibiti degedege. Hali ikiwa mbaya, hutolewa mchanganyiko maalumu wa mafuta wa asilimia 20 kupitia mshipa wa damu.

Kabla ya kuchomwa ganzi, mwananchi anashauriwa kumweleza mhudumu magonjwa aliyonayo na dawa anazotumia, zikiwemo za usingizi, kwani nazo huweza kuleta maruweruwe. Akihisi mabadiliko yoyote, aseme papo hapo bila kusubiri kuulizwa. Aliyewahi kupatwa na hali hiyo aombe iandikwe kwenye kumbukumbu zake za matibabu, ili atakayemhudumia baadaye aijue mapema.