Waliokufa wakienda angani: sisi wa Mara tunahusikaje?

Juzi nipo kafe, dogo wa kompyuta ya pembeni kaona picha za wanaanga kwenye skrini yangu akaniuliza: "Bro, hao si walijitakia wenyewe? Tuwakumbuke ili iweje?" Dakika zangu zilikuwa zinakata, sikumjibu. Najibu leo.

Kwanza kalenda. Ajali tatu kubwa za Marekani zimeangukia ndani ya wiki moja: Apollo 1 tarehe 27 Januari 1967 (watatu, moto uliwaka ndani ya chombo wakiwa bado ardhini kwenye mazoezi), Challenger 28 Januari 1986 (saba) na Columbia 1 Februari 2003 (saba tena). Ndio maana NASA huwakumbuka kila mwaka mwishoni mwa Januari.

Challenger ndiyo inayoniuma. Florida kulikuwa na baridi kali, mpira wa kuzibia maungio ya roketi ukakakamaa, moto ukapenya. Sekunde 73, kwisha. Usiku wake mafundi walishasema msirushe! Hawakusikilizwa. Ndani alikuwemo mwalimu wa sekondari, Christa McAuliffe, aliyepanga kufundisha vipindi akiwa huko huko juu. Columbia nayo, kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tenki la mafuta wakati wa kuruka kikatoboa bawa la kushoto. Mafundi wakaomba bawa lipigwe picha, wakubwa wakaona haina haja. Siku ya kurudi, hewa ya moto ikaingilia tundu hilo hilo. Kwa hiyo dogo, hatari ya kazi waliijua, sawa, ila maamuzi ya ofisini hayakuwa mikononi mwao.

Kumbukumbu ninayoipenda iko mwezini. Mwaka 1971 watu wa Apollo 15 waliacha kisanamu cha alumini na kibao chenye majina 14, Wamarekani na Warusi pamoja, akiwemo Komarov aliyekufa 1967 parachuti ya Soyuz 1 ilipogoma. Na hapo Vita Baridi imepamba moto.

Sasa sisi. Kabla ya Mapinduzi NASA walikuwa na kituo Unguja cha kufuatilia safari za Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, Unguja walikuwemo kwenye mawasiliano. Kilifungwa 1964. Gus Grissom aliyeungua ndani ya Apollo 1 alikuwa mmoja wa wale saba wa Mercury.

Na karibu zaidi na nyumbani, 10 Januari 1959, Michael Grzimek, Mjerumani wa miaka 24 aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti na baba yake kwa ndege ndogo yenye mistari ya pundamilia, aligonga tai akaanguka. Kaburi lipo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mwanaanga hakuwa, najua. Ila hesabu ile ya nyumbu ilianzia kwenye kindege kile.

Dogo, jina lako sikuuliza. Ukiisoma hii niambie, na yule naye alijitakia?