Nguzo Juu ya Jiwe

Nyumba ya miti na udongo, mfano wa zile zijengwazo Ringwani na kwingineko mkoani Mara, aghalabu huanza kuharibika mahali pamoja: pale nguzo inapoingia ardhini. Kuvu waozeshao mti huhitaji maji na hewa kwa pamoja. Chini sana hewa ni haba. Juu, mti hukauka, na mti ambao maji yake hayafiki asilimia 20 ya uzito wake mkavu hauozi. Karibu na uso wa ardhi vyote viwili hupatikana. Hapo hapo mchwa huingia ndani ya nguzo bila kuonekana. Hivyo mwenye nyumba hulazimika kukata miti mingine, na kazi huanza upya.

Tatizo kama hili lilipata jibu jepesi katika miaka ya 1960. Walter Segal, msanifu majengo aliyezaliwa Berlin mwaka 1907, alitaka kuijenga upya nyumba yake London. Ili familia ipate pa kukaa, alisimamisha bustanini nyumba ya muda ya mbao kwa muda wa kama wiki mbili. Nguzo zake hazikufukiwa, bali zilikalishwa juu ya vipande vya saruji vya kutandikia njia. Nyumba hiyo ya muda ilidumu miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wakazi wa Lewisham, London, wengi wao wasio mafundi, walianza kujijengea nyumba kwa njia hiyo.

Nyuma yake kuna wazo la usanifu wa kisasa, ambalo Le Corbusier alilichora mwaka 1914: kiunzi hubeba mzigo, ukuta hugawa nafasi tu. Wazo hilo si geni Mara. Katika nyumba ya miti, nguzo ndizo zishikazo paa; fito na udongo huziba tu.

Kwa hiyo mjenzi wa Ringwani hahitaji kuacha ujuzi wake, bali kuinua nguzo iwe juu ya jiwe au saruji. Mchwa hawatakoma, lakini watalazimika kujenga vijia vyao vya udongo mahali pa wazi, ambapo vitaonekana na kubomolewa.

Hata hivyo, mabadiliko haya yana masharti. Nguzo iliyofukiwa hushikwa na ardhi isiyumbe. Iliyokalishwa juu ya jiwe haina mshiko huo. Hapana budi kiunzi kiungwe kwa miti ya mshazari pembeni. Kadhalika, paa la bati ni jepesi, na upepo wa dhoruba waweza kulinyanyua pamoja na nguzo zake. Kila nguzo ifungwe kwa ukanda wa chuma uliozamishwa katika saruji ya msingi.

Chuma na saruji hununuliwa kwa fedha, ilhali miti ya porini huonekana kuwa ya bure. Lakini mti ukatwao kila nyumba ioozapo una gharama yake, nayo hulipwa na msitu.